Dorothea na Visiki vya Mumewe

Dorothea hakuweza kuona udongo ukiwa uchi akaupita. Wahaya ndivyo walivyo, lakini huyu wa Muleba aliwashinda wote. Kwao kibanja cha migomba hufunikwa nyasi kama mtoto anavyofunikwa shuka, mgomba hupewa samadi kabla mwenye nyumba hajapewa chai, na mtu akiacha magugu yafike magotini, majirani huja na mikeka ya matanga wakidhani ameshakufa. Basi Mungu, ambaye naye hupenda mzaha, akamchukua mwanamke wa namna hiyo akamtua Herndon, Virginia, ghorofa ya tatu, kwenye kibaraza ambacho kondoo akiingia hana pa kugeukia.

Mnadhani alishindwa? Alipanda mgomba kwenye ndoo ya rangi. Siku za joto ulikaa kibarazani ukipungia magari. Baridi ilipoingia akauhamishia bafuni, na kipindi chote cha theluji mumewe Sorie akawa anaoga amejibanza ukutani, jani likimkwangua mgongo. Sorie alikuwa akisema ana wake wawili, na yule mdogo hajui kugonga mlango.

Huyo Sorie alikuwa mtu wa Sierra Leone, kaskazini kule, Mtemne wa baba na mama. Mvua ya kwao haisimuliki. Ikianza mwezi wa tano inasahau njia ya kurudi mpaka wa kumi. Kuku hujifunza kuogelea, na mwaka mmoja kambale aliingia msikitini akatulia safu ya nyuma mpaka watu wakatoa salamu. Halafu mvua ikikatika, huja upepo wa jangwani na vumbi lake, midomo inapasuka, na mtu akipiga chafya anatoa tofali. Sorie alitoka huko kijana, akaja kuendesha basi la abiria wa maegesho pale uwanja wa ndege wa Dulles, kutoka kwenye magari hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye magari, hata ungemkata, damu ingetoka imevaa mkanda.

Miaka waliyokaa pamoja ilimtosha Sorie kujifunza Kiswahili, kimoja kikavu chenye pilipili ndani, na Dorothea naye akaokota Kikrio cha Sierra Leone jikoni, kwenye simu za mashemeji. Mtoto wao mmoja walimwita Ryan, kwa sababu baba alitaka jina la Kitemne, mama akataka la Kihaya, na nesi akachoka kusubiri. Sasa Ryan yuko chuo, hayumo katika habari hii, anakula chakula cha bweni na kukonda.

Habari yenyewe ilianza kwa video.

Ilikuwa mwezi wa pili. Santigie, mdogo wake Sorie aliyebaki kijijini, alikuwa amepanda na simu mlimani kwenye shamba la kaka yake, akazunguka akipiga picha huku anahema. Sorie akaitazama mezani, chai inapoa, uso umemng'aa kama mzazi aliyeambiwa mwanawe kawa wa kwanza.

"Tazama, Doro. Limekua."

Dorothea akavaa miwani. Akaona miti imepita kimo cha nyumba. Akaona kamba za porini zimefungana kama nywele za kichaa. Kitu fulani cheusi kikaruka tawi kwa tawi. Chini kabisa, bondeni, likaonekana jaruba la mpunga limelala kama kioo.

"Shamba liko wapi?"

"Si ndilo hilo."

"Hilo pori?"

"Ndilo shamba. Limelala."

"Limelala tangu lini?"

"Tangu Ryan hajaota ndevu."

"Baba Ryan, kwetu kinacholala hivyo huzikwa."

Sorie akacheka, akachukua koti lake, akaenda kazini. Hakueleza. Kwake yeye kueleza kwamba ardhi inalala kulikuwa kama kueleza kwamba watu wanalala; nani atapoteza pumzi?

Dorothea akabaki na aibu yake. Mwezi wa kumi na mbili walikuwa wamepanga kwenda kijijini, mara yake ya kwanza, akamwone mama mkwe ambaye hadi siku hiyo alimjua kwa sauti na kikohozi tu. Akajiona anashuka garini na vitenge vyake vipya, wanawake wa kijiji wamejipanga, na mlimani nyuma yao shamba la mumewe limejaa nyani. Watasema huyu ni mke wa namna gani? Mumewe ana mlima mzima, yeye anapanda mgomba chooni.

Akashika simu. Ujue kwanza kwamba kule kwa Sorie mke wa kaka ni mke wa mdogo pia, kwa mdomo tu, kwa utani. Santigie kila akipiga alidai chakula chake, na Dorothea alimjibu kwamba kimo kwenye friji, ale atakapokuja, kama meno yake yatatafuna barafu. Majira ya theluji alimwambia imeanguka hadi wanaenda sokoni kwa mashimo kama fuko, na kwamba Sorie alipotea chini huko akatokea kanisani. Santigie aliamini mpaka mama yake alipomzabua kibao cha mapenzi.

Basi Dorothea akaweka mdomo karibu na simu, akasema kwa Kikrio chake cha jikoni:

"Santigie mume wangu, ni mimi mke wako wa Marekani. Nimeliona lile pori la kaka yako. Likate lote. Usiache mti. Ukimaliza, ng'oa visiki, kimoja kimoja, mpaka mizizi itoke, mlima ubaki laini kama kichwa cha shehe. Kisha ufunike kwa nyasi. Mimi nakuja mwisho wa mwaka, nitapanda migomba yenye akili. Na kaka yako usimwambie kitu. Ni zawadi yake."

Jibu likarudi upesi. Kwanza kicheko, kirefu, cha mtu anayejishika mbavu. Halafu: "Haya mke wangu mkali, kesho naingia na panga."

Baada ya hapo kimya.

Dorothea alifanya kazi ya usafi Sterling, mji wa jirani. Zamani, wanasema, Sterling kulikuwa na mashamba na ng'ombe. Siku hizi ni majumba mapana yasiyo na madirisha, yamejaa mitambo ya kompyuta inayovuma mchana na usiku kama nyuki waliotukanwa. Mitambo hiyo inatunzwa kuliko maharusi: hewa baridi, maji, ulinzi, na ole wako uingie na kiatu chenye matope. Alisafisha pamoja na Sabiha, mwanamke wa Mombasa mwenye ulimi wa wembe na viatu vya sponji. Siku ile akampa habari yote, wanasukuma ndoo kwenye ujia, na akaitoa kwa majivuno.

Sabiha akasimamisha ufagio. "Na mumeo umemwuliza?"

"Zawadi haiulizwi."

"Zawadi ni marashi, shoga. Zawadi ni kanzu. Wewe wamnyoa mwanamume mlima wake kwa simu."

"Limejaa nyani, Sabiha."

"Na hao nyani wamekushtaki? Kwetu twasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe hata hujaenda, na mwenyeji washamtia homa."

Dorothea akaona ni wivu wa watu wa mjini wanaodhani mchicha huota sokoni. Akaendelea kupiga deki huku anapanga mistari ya migomba kichwani.

Jumapili moja wakawa wanatoka kanisani, Sorie kaenda kumchukua mkewe, maana yeye ni Mwislamu lakini mlango wa kanisa anaujua kuliko mapadri wengine. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya theluji, mvua ya Virginia, ambayo mbele ya Sorie ni mate ya kikohozi. Walipofika barabara ya Sterling gari zilikuwa zimesimama. Kulikuwa na kilima pale kando ambacho hadi juzi kilikuwa na miti. Matingatinga yalikuwa yamekipitia ili lijengwe jumba jingine la mitambo. Si miti tu. Hata visiki vilikuwa vimeng'olewa, vimerundikwa pembeni mizizi juu kama kuku waliochinjwa miguu juu. Na udongo wote mwekundu ulikuwa umeteremka. Umevuka mtaro, umelala barabarani, umeingia bustani ya kanisa la ng'ambo, na mtu mmoja mwenye kofia ya njano alikuwa amesimama katikati na koleo moja, kama anayetaka kukausha bahari kwa kijiko.

Sorie akazima injini. "Tazama. Wamekiua."

"Si wamekata miti tu," Dorothea akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kutafuta pa kushika.

"Kukata si kitu. Sisi tunakata. Mti ukiukata, kisiki kinabaki kimeuma mlima kwa meno. Unawasha moto, unapanda mpunga katikati ya visiki, mwaka wa pili unaweka mihogo, halafu unaondoka. Unaviachia visiki shamba lao. Vinachipua, vinalirudisha pori, pori linadondosha majani, udongo unanona. Nyinyi mna ng'ombe wa samadi. Ng'ombe wetu ndio hao, visiki."

"Na mtu akiving'oa?"

"Nani?"

"Mtu tu. Mjinga mmoja."

"Yuko kijijini kwetu aliyefanya hivyo. Alikodi trekta ili aonekane mkubwa. Mvua ya kwanza, mlima ukashuka usiku na mchana ukaenda kulala juu ya mpunga wa jirani bondeni. Mpaka leo kule juu hakuoti kitu ila nyasi za kukata miguu. Na chini mpunga hakuna. Jirani hamsalimii hata kwenye mazishi."

"Na pale kwenu... lile bonde chini ya shamba lako. Ni la nani?"

"La mama. Si uliliona kwenye video? Ndilo linalomlisha. Na lile pori juu limebakiza mwaka mmoja tu kuiva. Mwakani Santigie analikata, mama apate mpunga wa mlimani, ule mwekundu. Kila nikipiga simu ananiambia, Sorie, ule wali nitaula kwanza ndiyo nife."

Magari yakaanza kusogea. Sorie akawasha. Dorothea akatazama dirishani njia nzima, na matone kwenye kioo yakaonekana kwake kama visiki vinavyotembea.

Tangu siku hiyo chakula kikamkataa. Simu ya Santigie haikupatikana. Simu ile ina maisha yake: kutwa iko mjini kwa fundi ikichajiwa, ikirudi kijijini inapata mtandao juu ya jiwe moja tu, na kwenye jiwe hilo mbuzi wana zamu yao ya mbele. Dorothea alipiga akiwa jikoni, akapiga akiwa basini, akapiga akiwa chooni akiushika mgomba bega. Akatuma ujumbe: "Santigie, acha. Usikate. Using'oe. Nilikosea." Ujumbe ukabaki na alama moja ya kijivu, yaani umetoka hapa lakini kule haujafika.

Kazini alipiga deki ujia ule ule mpaka sakafu ikang'aa kama kioo, akamwona humo bibi yake mzaa mama amekunja uso.

"Mwambie mumeo," Sabiha akasema.

"Nimwambieje? Kwamba nimemzika mama yake akiwa hai?"

"Mwambie hivyo hivyo. Mwanamume apendaye mgomba bafuni hakuachi kwa sababu ya mti."

"Haupendi. Anauvumilia."

"Ndiyo mapenzi hayo. Wangu hata paka hamvumilii."

Dorothea akachovya tena deki. Alikuwa anaona maji mekundu yakishuka mlima, yakiingia kwenye kioo kile cha mpunga, na kikongwe mmoja amesimama katikati hadi magotini, anatazama juu, hajui nani kamfanyia. Nani? Mkwe wake. Kwa zawadi.

Aliapa kumwambia Sorie. Akaapa asubuhi, chai ikapita. Akaapa mchana. Kila akifungua mdomo, mume anasimulia jambo la nyumbani, na kila jambo la nyumbani lilikuwa na mlima ule ndani yake.

Sasa sikiliza lilivyoisha. Asubuhi moja Sorie alikuwa anampeleka kazini kabla hajaenda zamu yake. Dorothea alikuwa ameunganisha simu yake na spika za gari ili asikilize kwaya, akasahau. Wakiwa kwenye taa, simu ikatetemeka: Santigie, ujumbe wa sauti. Kidole chake kikawahi kuliko akili. Akabonyeza.

"Mke wangu mkali!" Sauti ikajaa gari lote, mpaka dereva wa pembeni akageuka. "Nisamehe, simu ilikuwa kwa fundi, fundi kaoa, duka likafungwa."

Dorothea akarukia vitufe vya dashibodi. Akawasha waipa. Akawasha joto la kiti. Sauti ikaendelea.

"Lile pori la kaka uliloniagiza nilikate..."

Sorie akageuza shingo taratibu. Taa ikawa kijani. Nyuma wakapiga honi. Akaingiza gari kwenye maegesho ya duka la magodoro, akasimama, akamkamata mkewe mkono uliokuwa unatafuta vitufe, akaushika, akasikiliza.

"...nikaingia na panga siku ya pili, kama nilivyokuambia. Nikaanza pembe ya njiani. Nimekata pembe ile, pana kama turubai la harusi, nikasema loh, huyu mke wangu kazi yake ni ngumu, ngoja niusikilize tena ujumbe wake. Nikausikia mpaka pale pa visiki. Ng'oa visiki! Nikakaa chini. Nikamwita mama. Mama akasikia, akacheka mpaka ikabidi tumshike. Akasema, huyu mke wenu wa Marekani ni fundi wa utani, katupiga ule wa mashimo ya theluji, sasa katuletea wa visiki, na wewe mpumbavu umeshakata pembe nzima. Akaninyang'anya panga. Mke wangu, umenipata. Kijiji kizima wananiita Santigie Ng'oa Visiki."

Dorothea akasogeza sikio kwenye spika.

"Leo ndipo nimeona umeandika niache; usiogope, visiki vyote vipo. Jana nimepita, vimetoa majani, madogo, kama masikio ya mbuzi wachanga. Na mvua bado. Mama kasema ile pembe isipotee bure, atapanda pilipili na bamia katikati ya visiki. Tena kasema umwambie kaka, mwakani pori lake liko pale pale, aje na tumbo tupu. Na ile migomba unayosema, tunayo nyuma ya jiko, imejaa. Njoo wewe tu. Haya, narudi kushuka, mbuzi wananisukuma."

Ikakatika. Waipa zikabaki zinakwangua kioo kikavu.

Sorie akazizima. Akakaa. Akatazama magodoro dukani kwa muda ambao mtu angeweza kununua mawili.

"Mpaka mizizi itoke?" akauliza.

"Nilisema hivyo."

"Laini kama nini?"

"Kama kichwa cha shehe."

"Doro."

"Niliona aibu, Baba Ryan. Kwetu shamba likiwa hivyo ujue mwenyewe kafa. Nikaona nitashuka garini watu waseme mume wangu ni marehemu anayeendesha basi. Halafu ukanionyesha kile kilima, na tangu hapo nampigia Santigie simu hapokei, na sili, na silali, na kila nikifumba macho mama yako yumo kwenye matope ananitazama."

"Ndiyo maana ulikuwa unaongea na mgomba."

"Ulinisikia?"

"Nilikuwa naoga, nyuma ya pazia. Ningekuwa wapi tena?" Akajifuta uso kwa kiganja. Mabega yakaanza kumcheza. Dorothea akadhani analia, akaweka mkono mgongoni kwake. Hakuwa analia. Kicheko kilimtoka kwanza puani, kisha kikamshinda, akaegemea usukani honi ikapiga, mlinzi wa duka akatoka nje kutazama. "Santigie Ng'oa Visiki," akasema, machozi yanamshuka. "Mtoto wa mama yangu. Jina hilo atazikwa nalo."

"Kwa hiyo hujakasirika?"

"Nimekasirika. Nitakasirika vizuri jioni, nikitoka kazini. Sasa hivi sina nafasi." Akamtazama. "Ungeniuliza tu. Ningekuambia limelala."

"Uliniambia limelala. Hukuniambia litaamka."

Sorie akafikiri, akaona hapo kuna haki kidogo. Akachukua simu, akamtumia Santigie sauti: wasikate kingine, pembe ile ya pilipili ni ya mama, na mke wake mkali amepata ujumbe na anawasalimu wote, visiki pamoja.

Dorothea akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu ajabu; kioo cha mbele kikapata ukungu kote, na wapo wanaosema hata bendera za duka la magodoro zilipepea. Na papo hapo ikaja njaa, ile iliyomkimbia tangu Jumapili, njaa ya mtu aliyetoka kulima. Nyuma ya kiti kulikuwa na bakuli la Sorie la mchana: wali, na majani ya mihogo ya kutwanga yenye mawese na samaki mkavu. Akalifungua. Hakuuliza kijiko, kilikuwamo.

"Hicho ni changu," Sorie akasema, akitoa gari barabarani.

"Najua," Dorothea akasema, mdomo umejaa, na alipofika Sterling mlangoni kwa yale majumba yanayovuma, Sabiha amesimama anamsubiri, bakuli lilikuwa jeupe kiasi kwamba halikuhitaji kuoshwa.

Sabiha akamtazama mashavu, akamtazama mumewe anavyogeuza gari huku bado anacheka peke yake.

"Mlima upo?" akauliza.

"Upo," Dorothea akasema. "Lete ndoo."